Mstari wa 1.4

Msimu wa kusi ukiingia, sisi wa Mikindani, Mombasa, hujua mapema. Ndege hugeuza njia. Miezi ya kaskazi, nyingi hutua uwanja wa ndege wa Moi zikitokea upande wa ghuba ya Port Reitz, na huku kwetu hatuzioni ila zikipaa. Kusi ikishika, zinatupitia juu ya mabati zimeshateremsha magurudumu, kwa sababu ndege hutua ikiukabili upepo, sawa na jahazi lililotia nanga linavyougeuzia omo, yaani mbele yake.

Aliyenifundisha hilo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Alikuwa darasa la tano, akikaa barazani na daftari la hesabu na kuandika kila ndege iliyopita na wakati ilipopita. Leo ana miaka 24, ana leseni ya rubani wa biashara, na ana saa 212 za kuruka. Yuko nyumbani mwaka wa pili sasa. Alfajiri humsaidia mamake kupika mahamri ya kuuza, mchana hukaa na simu akituma maombi ya kazi.

Nataka kuandika juu ya hizo saa 212, na juu ya nambari nyingine iliyoingia nyumbani kwetu kama mgeni asiyeaga: 1,500.

Wengi wakisikia "rubani" hudhani ni leseni moja tu. Kuna ngazi. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ndizo nchi nyingi huzijenga juu yake sheria zao, na sisi tumo. Leseni ya rubani binafsi huanzia saa 40. Leseni ya biashara, ile inayokuruhusu kulipwa, ni saa 200, au 150 kwa aliyesoma kozi moja iliyoidhinishwa toka mwanzo hadi mwisho. Juu kabisa iko leseni ya rubani wa mashirika ya ndege, na bila hiyo huwi kapteni wa ndege kubwa ya abiria. Hiyo ndiyo yenye 1,500, na ndani yake mna mafungu: saa 100 za usiku, saa 75 za kuruka kwa kutazama vyombo peke yake, saa 200 za safari za masafa, na nyinginezo za wewe mwenyewe kuwa mwenye amri ndani ya ndege.

Hapo kati ya 200 na 1,500 ndipo penye bahari yenyewe. Kisheria mtoto wetu anaweza kukaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, akishafundishwa aina ile ya ndege. Ulaya hilo ni jambo la kawaida. Kijana mwenye saa mia mbili na kidogo hutoka chuoni, akapitia simuleta, kile chumba cha mitambo kinachoiga ndege kwa kila kitu, kisha akaingia kwenye Airbus au Boeing yenye abiria mia na zaidi, pembeni ya kapteni mwenye maelfu ya saa. Tangu 2006 iko hata leseni maalumu ya njia hiyo, yenye saa 240, na sehemu kubwa ya saa hizo ni za simuleta. Lakini matangazo ya kazi ambayo mpwa wangu huyasoma yasema mengine: saa 500, saa 1,000, saa 1,500, na mia kadhaa ziwe za ndege ya aina hiyohiyo. Waajiri husema bima ndiyo inayotaka, na si uongo. Kampuni za bima huweka masharti yao juu ya nani ashike ndege, na mara nyingi huwa makali kuliko sheria.

Dada yangu aliuza kiwanja cha Mtwapa, urithi wake kwa baba, ili binti yake afike saa 200. Saa moja ya kukodi Cessna 172, ndege ndogo ya kujifunzia, pale uwanja wa Wilson, Nairobi, inakula kodi ya nyumba yetu ya miezi miwili. Usiku mmoja alichukua kalamu akatoa 212 katika 1,500, akabaki na 1,288. Akazidisha kwa miezi miwili. Akagawanya kwa kumi na mbili. Ikamtokea zaidi ya miaka 200. Akaikunja ile karatasi akaitia chini ya mtungi wa maji, na mpaka leo hajaizungumzia.

Nambari hii ilipata nguvu zake Marekani, na kisa chake mpwa wangu hukisimulia kama mtu anayesimulia msiba wa jirani. Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, ndege nambari 3407 ya Colgan Air ilikuwa ikikaribia Buffalo ikitokea Newark. Ni ndege ya mapangaboi, Dash 8 Q400. Kasi ikapungua na marubani hawakuona mapema. Usukani ukaanza kutikisika mikononi mwa kapteni. Ndege ile imeundwa hivyo makusudi: hutikisa usukani kumwonya rubani kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba. Dawa ni moja. Sukuma mbele, pua ishuke, kasi irudi. Kapteni akavuta. Mtambo wa ndege ukajaribu kuusukuma usukani wenyewe, naye akazidi kuvuta. Ndege iliangukia nyumba katika kitongoji cha Clarence Center. Walikufa wote 49 waliokuwa ndani, na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake.

Familia za waliokufa hazikunyamaza. Zilikwenda Washington safari baada ya safari, na mwaka 2010 sheria ikapitishwa. Kuanzia 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la ndege la Marekani hana budi kuwa na saa 1,500. Kabla ya hapo 250 zilitosha. Aliyefunzwa urubani jeshini hupunguziwa hadi 750, mwenye shahada ya urubani kutoka chuo kinachokubalika hadi 1,000.

Sasa tulia hapa, kwa sababu hapa ndipo mimi niliposhtuka. Kapteni wa ndege ile alikuwa na saa 3,379. Msaidizi wake alikuwa na 2,244. Wote wawili walikuwa wameshaipita 1,500 zamani. Sheria iliyozaliwa na kifo chao haingewazuia kupanda ndege ile. Uchunguzi ulionyesha mengine: kapteni alikuwa amefeli mitihani kadhaa ya kurusha ndege katika maisha yake ya kazi, na msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle, ng'ambo ya pili ya nchi, ili afike kazini. Sheria ile iliyagusa hayo pia. Ilileta kanuni mpya za mapumziko ya marubani, na hifadhi ya rekodi ambayo mwajiri huiangalia kabla ya kumwajiri mtu. Kwa maoni yangu hayo ndiyo yaliyofanya kazi kubwa. Lakini hayasemeki kwa neno moja. 1,500 yasemeka kwa neno moja, ikashika.

Wanaoitetea wana hoja, nami siwapuuzi. Baada ya usiku ule wa Buffalo ilipita karibu miaka 16 bila shirika la abiria la Marekani kupata msiba wa kiasi kile, mpaka Januari 2025, ndege ilipogongana na helikopta ya jeshi karibu na uwanja wa Washington. Na miongoni mwa watetezi yumo Chesley Sullenberger, ambaye wiki nne tu kabla ya ajali ya Buffalo aliishusha Airbus juu ya mto Hudson, mjini New York, watu wote 155 wakatoka hai. Alikuwa na saa zaidi ya 19,000. Nani atambishia? Ila pembeni yake alikaa Jeffrey Skiles, mwenye saa zaidi ya 15,000, na katika hizo alizoruka kwenye Airbus ya aina ile zilikuwa 37 tu. Nilimuuliza mpwa wangu mtu kama huyo hapa kwetu angepata kazi kwa tangazo linalotaka mia kadhaa za ndege hiyohiyo. Hakunijibu. Aliinuka akaingia chumbani, akarudi na daftari lake la saa.

Nilikuwa sijawahi kulitazama kwa karibu. Ni la jalada gumu la buluu, kurasa zimefura kidogo kwa unyevu wa pwani. Kila safari ina mstari wake: tarehe, nambari ya ndege, ulikotoka, ulikokwenda, nani alikuwa mwenye amri, mchana au usiku. Saa huandikwa kwa desimali. Mwisho wa mstari pana nafasi nyembamba ya maelezo, na nyingi ziko tupu. Akanionyesha mstari mmoja kwa kidole. Wilson hadi Wilson. 1.4. Na kwenye ile nafasi nyembamba, kwa mwandiko wake mdogo: "Mawingu Makindu. Nimerudi."

1.4 ni saa moja na dakika ishirini na nne. Ilikuwa Aprili, masika yameshika. Ilikuwa safari yake ya kuhitimu, peke yake ndani ya Cessna, aende Malindi, ashuke Mombasa, arejee Nairobi. Alikuwa akiifuata reli ya SGR kwa macho. Mbele ya Makindu, upande wa vilima vya Chyulu, wingu likawa limeshuka mpaka chini, na ile reli ikaingia ndani yake ikapotea.

"Mjomba, wajua nilihisi nini?" aliniambia. "Nilihisi pesa za mama zikinisukuma mgongoni. Mafuta nimeshalipia. Ndege nimeshalipia. Nikarudi, natakiwa nilipe tena. Na kulikuwa na mahali wingu limepasuka kidogo, kama mlango uliorudishwa haukufungwa. Nikasema, nipite hapo."

"Ukapita?"

"Nikageuza."

Mwalimu wake alimpokea chini, akausoma mstari ule, akatia sahihi bila neno, kisha akamnunulia chai. Mstari unaofuata ni wa wiki ya pili yake: Wilson hadi Malindi, 2.5, hali ya hewa nzuri, nafasi ya maelezo tupu. Kwa mtu wa kuhesabu, huo wa pili umezidi wa kwanza. Mimi ningekuwa na shirika la ndege ningemwajiri kwa ule wa 1.4.

Kuna ajali moja iliyo karibu nasi zaidi, na naiandika kwa heshima kwa sababu waliofiwa bado tuko nao. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways nambari 507, Boeing 737, ilipaa kutoka Douala, Kamerun, kuja Nairobi. Haikukaa hewani hata dakika mbili kamili. Ilianguka kwenye kinamasi cha mikoko si mbali na uwanja, wakafa wote 114. Kapteni alikuwa na saa zaidi ya 8,000. Msaidizi alikuwa kijana wa miaka 23, saa 826. Ripoti ya wachunguzi, iliyotoka 2010, ilisema ndege ililala ubavu polepole katika giza lisilo na alama yoyote nje, hakuna aliyekuwa akivitazama vyombo, na marubani wakapotewa na hisia ya wapi juu na wapi chini. Otopailoti waliyoitegemea, mtambo unaoirusha ndege bila mkono wa rubani, haikuwa imeshika. Ripoti ikataja pia kwamba uratibu kati ya wawili wale ulikosekana.

Mpwa wangu haachi kuifikiria sehemu hiyo ya mwisho. Vyombo na giza hujifunza mtu kwenye simuleta, asema. Hilo jingine je?

"Mjomba, kapteni ni rika la marehemu baba. Asubuhi nimemwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu. Dakika kumi baadaye ndege inalala ubavu, nimwambie vipi kwamba amekosea?"

Swali hili ni zito kuliko wanavyodhani watu wa mbali. Sisi tumelelewa hivyo. Mtoto hamkatizi mkubwa maneno. Ukiona mzee anaelekea kukosea, unatafuta njia ya pembeni, unamtanguliza mtu, unangoja akae peke yake. Adabu hiyo imetujengea nyumba nyingi, nami siwezi kuidharau. Lakini ndani ya chumba cha marubani muda wa kumtafutia mtu mzima njia ya pembeni haupo. Kwa hivyo wenye kazi yao wametunga maneno yao, ya ngazi kwa ngazi, ambayo msaidizi hufundishwa mpaka yamtoke bila kufikiri. Kwanza unataja unachokiona. Usipojibiwa unamwita kwa cheo na unarudia kwa sauti. Usipojibiwa tena unachukua usukani na unatamka kwamba umechukua. Yeye huyafanyia mazoezi chumbani kwake, mlango umefungwa, na mara ya kwanza mamake alikuja mbio kutoka jikoni akidhani anagombana na mtu kwenye simu.

Katika daftari la saa hakuna safu ya jambo hili. Unaweza kufika 1,500 ukiwa peke yako ndani ya Cessna, ukizunguka anga ileile uliyoizoea, siku za jua, na hujawahi hata mara moja kumwambia mtu mzima: kapteni, mwinamo.

Neno rubani lenyewe lilikuwa la bahari kabla halijapanda angani. Meli ikija Kilindini mpaka leo hupandwa na rubani wa bandari aiingize mlangoni. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipewa rubani Malindi, wakang'oa nanga Aprili kusi ikianza, na chini ya mwezi mmoja wakaiona pwani ya India. Katika ukoo wetu wa mama na baba hakuna aliyewahi kuruka, lakini babu yetu alikuwa nahodha wa jahazi la mizigo, Lamu, Mombasa, Unguja. Alipanda chomboni akiwa mtoto wa kufua maji ya ngama, yale yanayojaa chini ya jahazi. Misimu ikapita kabla ya kukabidhiwa usukani, kwanza mchana, upepo wa nyuma. Kisha usiku. Kisha, alivyotuhadithia mara nyingi, usiku mmoja wanapiga bishi, yaani wanakwenda mshazari dhidi ya upepo, karibu na Ras Ngomeni, miamba inasikika kwa sauti ya mawimbi tu, nahodha wake akamwambia shika, naye akajilaza shetrini, nyuma ya chombo, akafumba macho. Babu alidhani amelala kweli. Kulipokucha mzee yule alimtajia kila mahali tanga lilipopiga kelele isiyo yake, na saa ya kila moja.

Ndiyo maana sidai nambari ziondolewe. Babu asingempa jahazi mtoto wa msimu mmoja, na mimi nisingependa kupanda ndege ambayo wote wawili mbele ni wageni wa kazi. Ninachodai ni yule mzee wa shetrini. Saa 800 pembeni ya mtu wa namna ile, kwenye mvua na usiku na viwanja vifupi vya vumbi, ni nyingi kuliko 1,500 za kujikusanyia kama chenji. Mashirika yetu yawachukue vijana mapema, yawaweke pembeni ya wakubwa wanaojua kufundisha, na bima iambiwe ipime mafunzo badala ya kupima unene wa daftari. Rubani mzuri wa Caravan, ndege ndogo ya injini moja, aliyetua Lodwar na Mandera na Manda kwa miaka mitatu amejifunza mambo ambayo pesa hazinunui, lakini naye alihitaji mtu wa kumfungulia mlango wa kwanza akiwa na zile mia mbili.

Na nambari ikiwa ndiyo mlango peke yake, watu huutafutia ufunguo bandia. Mwaka jana mtu mmoja mwenye ndege ndogo alimpigia mpwa wangu. Alijitolea kumwandikia saa 300, sahihi na muhuri juu, kwa bei ya chini sana ya ile ya kukodi, na ndege isitoke bandani. Usiku ule nyumba yetu ilikuwa kimya. Dada yangu hakusema "chukua." Hakusema "acha" pia. Alikaa akiukunja na kuukunjua ukingo wa leso yake, na mimi namjua, alikuwa akikifikiria kiwanja cha Mtwapa. Simlaumu hata chembe. Binti ndiye aliyevunja ukimya. "Mama, hizo saa siku nitakapozihitaji, hazitakuwapo."

Sasa ameamua kusomea ualimu wa urubani. Leseni yake yamtosha kuanza, na akihitimu kila saa atakayomfundisha mwanafunzi itaingia pia kwenye daftari lake, bila yeye kuikodi. Ndivyo vijana wengi wa Marekani wanavyoivuka ile bahari, na Wilson pia wako wanaopita hapo. Akiba ya dada ya mahamri, pamoja na mchango wa jamaa wa Jomvu, imefika nusu ya ada.

Mwalimu lazima ajue kueleza, kwa hivyo mwanafunzi wake wa kwanza ni mimi. Juzi baada ya magharibi alipanga viti viwili vya plastiki barazani, akanikalisha cha kushoto, akanipa mfuniko wa sufuria niushike kwa mikono miwili. Yeye akakaa kulia.

"Tuko futi elfu tatu," akasema. "Nimepunguza moto wa injini. Kasi inashuka. Pua umeiinua ili usipoteze kimo. Unasikia? Upepo umenyamaza. Usukani umekuwa mlegevu. Sasa unaanza kutikisika." Akaukamata mfuniko akautikisa mikononi mwangu. "Ndege inataka kuanguka, Mjomba. Fanya."

Mikono yangu ikauvuta ule mfuniko kifuani, kwa nguvu, kama mtu anayezuia mtoto asidondoke.

Hakucheka. Aliweka kiganja chake juu ya vidole vyangu. "Kila mtu huvuta," akasema. "Ndiyo maana twafanya tena. Safari hii sukuma."

Tukaanza tena kutoka futi elfu tatu.